Wawili na Kamera Moja

Ukiingia sebuleni kwa wanandoa waliokaa pamoja miaka mingi, iwe Temeke, Tanga au Kisauni, picha ya kwanza kuiona ukutani ni ya harusi. Bwana kavaa suti inayombana mabegani, bibi harusi kainamisha uso kama ada inavyotaka, na nyuma yao limeninginia pazia. Picha ya pili huwa ya mahafali ya mtoto. Kati ya picha hizo mbili imepita miaka ishirini na kitu, na miaka hiyo haina chochote ukutani. Huoni mtu akichambua mchele kibarazani huku mwenzake akimsomea gazeti. Huwaoni wawili waliosimama kituoni na mvua ya masika inawalowesha, wala wanaocheka mbele ya sahani moja ya chipsi mayai mwisho wa mwezi. Ndoa yenyewe iliishi katika miaka hiyo.

Mimi na mume wangu tumezoea kutembea na kamera, wakati mwingine ile ya kuning'iniza shingoni, mara nyingi ya simu tu. Tunapigana picha jikoni, safarini, hata njiani kwenda sokoni. Kwa mazoea hayo nimefika mahali pa kuamini kwamba picha zinazostahili kutunzwa zaidi katika nyumba ya watu wawili ni za zile siku ambazo hakualikwa mgeni.

Wazee wetu hawakuziacha siku hizo bila picha kwa kutozithamini. Picha ilikuwa ghali. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, ukakaa ndani ya kamera miezi mpaka uishe, ndipo upelekwe studio kusafishwa, na hapo tena usubiri. Mwenye kamera mtaani alikuwa mmoja. Akitokea mlangoni, watu walikimbilia ndani kubadilisha nguo. Nani angekubali picha moja kati ya hizo 36 iende kwa mke anayekuna nazi?

Kwa hiyo wawili wakitaka picha walijipamba, wakaenda studio siku ya Idi au Krismasi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit akaiendeleza palepale Mji Mkongwe, katika Barabara ya Kenyatta. Mombasa palikuwa na N. V. Parekh, ambaye watu wa mji ule, Waswahili, Wahindi na Waarabu, walikwenda kwake wakiwa wachumba, maharusi, marafiki. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, fundi aliyesifika kwa kuunganisha picha kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo nyepesi. Ukizitazama picha za mafundi hao leo, unaona watu waliojua vizuri namna wanavyotaka kukumbukwa. Mkono wa mke uko begani kwa mume, saa ya mkononi imegeuzwa ionekane, kiatu kimeng'arishwa. Sikubaliani na wanaosema picha za studio ni za uongo. Watu wale walichagua sura moja ya maisha yao, wakailipia, wakaiacha ituangalie.

Studio ninazozipenda kuliko zote ni zile za Likoni. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha feri Mombasa, wapigapicha walisimamisha vibanda na kuvijaza mandhari ya kuchorwa: ndege, meli, majumba marefu, wanyama, milima. Wengi waliopita pale walikuwa wametoka bara kutafuta kazi pwani. Kijana alisimama na mchumba wake mbele ya ndege ya rangi, picha ikatumwa nyumbani kwa barua, na wazazi wakajua kwamba mtoto anaishi na anaota. Wawili wale hawakuwa na nauli ya kwenda popote. Walisafiri hata hivyo, wakasafiri pamoja, na ushahidi upo katika karatasi. Kwangu mimi hiyo ni picha ya safari kamili, sawa na ya aliyefika Paris akasimama chini ya mnara.

Liko jambo la kiufundi ambalo wenye albamu za zamani wanapaswa kulijua, kwa sababu linauma. Filamu za rangi zilizouzwa duniani katikati ya karne ya 20 zilitengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi mmoja wa Kodak aliyepigwa picha kwa kazi hiyo. Mtu mweusi akisimama kando ya gauni jeupe, uso wake ulizama gizani. Msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Basi picha ya bibi yako ya harusi ikionyesha meno na shela tu, usiseme bibi alikuwa mweusi mno. Filamu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Simu za leo zimeboreka sana, lakini tatizo lenyewe halijaisha. Msimamishe mwenzako mbele ya bahari saa sita mchana: simu itapima mwanga wa maji, uso wake utabaki kivuli. Dawa ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kubofya, ili kipimo kianzie pale. Dawa bora zaidi ni subira. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini na kutia vivuli machoni. Jua la kupigia picha watu ni la kabla ya saa mbili asubuhi na la baada ya saa kumi na moja jioni, na hilo la jioni halikawii kuzama, kwa hiyo mkibishana kuhusu nani asimame wapi, mtabishania gizani.

Watu wengi huniambia hawana pa kwenda, kwamba matembezi ni ya wenye magari. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye nauli ya pantoni ana safari. Kuvuka kutoka Feri hadi Kigamboni ni dakika chache kwa nauli isiyofika bei ya soda, na katika dakika hizo upepo wa bahari huinua mtandio wa mama, hupeperusha shati la baba, na nyuma yenu mji mzima umejipanga na majengo yake. Ng'ambo kuna mihogo ya kukaanga na dafu. Mnaweza kurudi kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680. Katika matembezi ya namna hiyo picha za kupanga ni chache. Ninayoipenda sana katika zetu ni ya mume wangu akigombana na kitambi cha shati lake lililojaa upepo, macho kayafumba, mdomo wazi.

Tahadhari moja kwa wapya wa mambo haya: msielekeze kamera kwenye kambi za jeshi wala vituo vya usalama, na penye bandari au kivuko ulizeni kwanza. Na mvuvi anayepara samaki sokoni Feri hakuja pale kuwa pambo la picha yenu. Msalimieni, mnunue samaki, kisha mumwombe. Mara nyingi atakubali, na picha itakuwa na mtu ndani yake.

Bagamoyo nayo haiko mbali, kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Wengi hukimbilia Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, au magofu ya Kaole na makaburi yake ya kale ya mawe. Sisi tuna desturi yetu pale. Upo mlango mmoja wa nakshi katika mtaa wa zamani, na kila tukipita husimama mbele yake, mimi kushoto, yeye kulia, tukapigwa picha. Ukiziweka picha hizo pamoja unaona mbao zikififia, ukuta ukimeguka na kupakwa chokaa upya, na sisi tukiongezeka kiuno. Hakuna hata moja iliyo nzuri peke yake. Zikiwa pamoja, sijui kitu kingine nyumbani kwetu ninachoweza kukilinganisha nazo. Ningemshauri kila mume na mke wachague mahali pao pa namna hii, hata kama ni mlango wa duka la jirani.

Safari ndefu ina mtego wake. Mtu akishalipa nauli kubwa huona ni lazima arudi na picha kubwa, basi anapiga milima, wanyama na machweo, na mwenzake haonekani popote. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na abiria wa basi huona swala, twiga, hata tembo bila kushuka. Kila simu huinuliwa dirishani. Picha zinazotoka ni za vichaka vilivyopita mbio na kitu chenye masikio. Katika safari yetu ya mwisho kupita pale nilipiga picha za aina hiyo kama wenzangu wote, kisha nikageuza simu ndani. Mume wangu alikuwa amelala, shavu limeegemea kioo, na nje ya kioo hichohicho kundi la swala limesimama linatazama basi. Tembo wa Mikumi wamepigwa picha na mafundi wenye vifaa ambavyo sitavipata maisha yangu yote. Mtu huyu aliyelala, hakuna mwingine atakayempiga picha.

Wanaopanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nawapa ujanja mdogo: kioo cha dirisha kikirudisha taswira ya ndani, gandamizeni simu kwenye kioo chenyewe, na mng'ao utaondoka. Lakini pia msihangaike kuuondoa kila mara. Nyuso zenu mbili zikielea juu ya milima ya Uluguru kwenye kioo ni picha tosha.

Hapa nafika kwenye dosari ninayoiona katika albamu nyingi za wawili. Mmoja hayumo. Nyumba nyingi zina mtu mmoja anayeshika kamera, na huyo hupotea kabisa katika kumbukumbu ya familia. Mpigapicha mashuhuri wa Marekani, Harry Callahan, alimwoa Eleanor mwaka 1936, na kuanzia miaka ya 1940 akampiga picha kwa miaka mingi: chumbani, barabarani, ndani ya maji ya ziwa, baadaye na binti yao Barbara. Zinahesabiwa miongoni mwa picha bora za mapenzi ya ndoa zilizopata kupigwa. Eleanor tunamjua hata mgongo wake. Harry mwenyewe ni nadra kumwona. Kwa msanii hiyo inaeleweka. Kwa mama na baba wa kawaida ni hasara, kwa sababu siku mmoja akitangulia, mara nyingi aliyeshika kamera ndiye asiye na picha, na watoto huishia kukuza picha ya kitambulisho kwa ajili ya msiba. Nimeona hilo katika misiba mingi mno.

Kwa hiyo badilishaneni kamera. Mfundisheni mtoto. Mkiwa Coco Beach, mpigapicha wa ufukweni akija na kamera yake kifuani na kusema, "Shemeji, sogea karibu na dada, niwapige moja," msimfukuze. Yeye ndiye mrithi wa mafundi wa Likoni, anajua jua liko wapi, na kwa kazi yake nyote wawili mtakuwemo.

Pia ulizaneni. Picha ya mke wako kavaa kanga kifuani akisuka nywele inaweza kuwa nzuri kuliko zote, na bado isiwe ya kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp. Nyumbani kwetu anayepigwa picha ndiye mwenye neno la mwisho, na kwa sababu tunaaminiana hivyo, hakuna anayejificha kamera ikitoka. Picha zetu nyingi hazijawahi kuonwa na mtu wa tatu.

Lililobaki ni la kuogopesha. Wazee wetu walipiga picha chache, nyingi bado tunazo. Sisi tunapiga maelfu, na zote zimo ndani ya kifaa kinachoweza kuporwa na mtu wa bodaboda au kutumbukia ndani ya ndoo. Hata karatasi ina maadui wake pwani: unyevu huinatisha picha kwenye kioo cha fremu, na jua la dirishani hufifisha rangi. Lakini picha iliyo ndani ya albamu, kabatini, mbali na ukuta wa mvua, huvuka kizazi. Mbaya kuliko kuharibika ni kukosa jina. Nimeshika picha za watu waliopendeza, waliokaa karibu karibu, na hakuna aliye hai anayeweza kuniambia ni akina nani.

Wiki hii basi, kaeni wawili mfungue simu zenu. Rukeni picha za harusi za watu, rukeni machweo. Tafuteni moja ya siku ya kawaida ambayo nyote mmo, ipelekeni studio ichapishwe, na nyuma yake mwandike kwa penseli majina yenu kamili, mahali na tarehe.