Sukari ya Asubuhi Haisemi Yote

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, mitumbwi ya dagaa huwasili alfajiri. Wavuvi wamekesha ziwani wakivuta nyavu kwa mwanga wa taa, na si ajabu kwamba wamekula chochote usiku wa manane ili wapate nguvu. Mmoja wao akipita kliniki asubuhi hiyo kupima sukari, swali la muuguzi, "Umekula?", huwa gumu kuliko linavyosikika. Hajafungua kinywa tangu kupambazuke, ni kweli. Lakini kipimo cha kufunga humtaka mtu awe hajala kwa muda usiopungua saa 8, na kukesha peke yake huufanya mwili uitumie sukari kwa uzito.

Tuseme amefunga sawasawa, na amelala. Hata hivyo kipimo hicho kitakuwa kimejibu swali moja tu. Usiku ini ndilo linalotoa sukari kwenye damu, na insulini ya kongosho hulizuia lisizidishe. Kwa hiyo sukari ya asubuhi hueleza hasa uhusiano wa ini na insulini. Baada ya mlo kazi hubadilika: misuli ndiyo inayopaswa kuipokea sehemu kubwa ya sukari iliyoingia. Mtu aweza kuwa na ini tiifu na misuli mikaidi. Sukari yake ya asubuhi ikisoma 5.4 ataambiwa hana tatizo, ilhali baada ya sahani ya ugali wa muhogo damu yake hubaki imejaa sukari kwa saa kadhaa.

Kipimo cha kinywaji cha glukosi kilibuniwa kumfichua mtu huyo. Aliyefunga hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji yapata robo lita, kisha hukaa ametulia bila kula wala kuvuta sigara, na hutolewa damu tena baada ya dakika 120. Chini ya milimoli 7.8 kwa lita ni hali ya kawaida, 11.1 na zaidi ni kisukari. Katikati ni hali inayotangulia kisukari, ambayo haina dalili yoyote ya kumtia mtu wasiwasi.

Damu ikitolewa mara nyingi zaidi, mwendo wa sukari huonekana wote. Kwa kawaida hupanda katika nusu saa hadi saa moja ya kwanza, kisha hushuka. Kwa baadhi ya watu hushuka na kuinuka tena kidogo, na hao huonekana kuwa na hatari ndogo zaidi. Anayeelekea kwenye kisukari kilele chake huchelewa na mteremko wake huwa mvivu, kwa sababu kongosho limechelewa kutoa insulini. Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipendekeza kipimo cha saa moja kitumike pia: 8.6 na zaidi ni onyo, 11.6 na zaidi ni kisukari. Kwa zahanati yenye foleni ndefu, saa moja iliyookolewa si jambo dogo.

Nchini kwetu kinywaji hiki si kigeni. Watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Donald McLarty, walikitumia katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Wenye kisukari walikuwa takriban asilimia moja tu. Wenye hali ya kati walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64, lakini huo ulipima sukari ya kufunga, hivyo namba hizo mbili hazifai kulinganishwa moja kwa moja.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kisichodai kufunga. Kipimo hicho husoma sukari iliyoshikamana na himoglobini, nacho hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi umri wake wa kawaida. Kando ya Ziwa Tanganyika malaria huziua mapema, na vinasaba vya selimundu vipo. Sukari huweza kusomeka ndogo kuliko ilivyo. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kuipandisha.

Kumgundua mtu wa hali ya kati kuna faida iliyothibitishwa. Mwaka 2001 watafiti wa Finland walitangaza kwamba watu 522 wa hali hiyo, waliopatikana kwa kinywaji hiki hiki, walifuatiliwa kwa makundi mawili. Kundi lililoshauriwa kwa karibu kuhusu chakula, uzito na mazoezi lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Baadhi yao sukari yao ya asubuhi pekee isingewatoa nje ya kundi la wazima.

Kwa mvuvi wetu wa Kibirizi, basi, kikwazo ni ratiba. Dagaa hawavuliwi vizuri kwa taa mwezi unapokuwa mpevu, na siku hizo wavuvi hupumzika, hulala nyumbani na hula jioni pamoja na familia. Kliniki itakayopanga siku zake za kinywaji kwa kalenda ya mwezi itampata akiwa amefunga kweli, na akiwa na saa mbili za kukaa.