Fahamu: Sindano za kutibu bega lililoganda
Bega huganda pale utando unaozunguka kiungo chake unapovimba, ukawa mnene na kukaza, hata mgonjwa, ambaye mara nyingi ana umri wa miaka 40 hadi 60, akashindwa kuinua mkono. Sindano ya kotikosteroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa na hufaa zaidi ikitolewa mapema, ingawa kwa wenye kisukari, ambao ndio hasa huandamwa na maradhi haya, huweza kupandisha sukari kwa siku chache. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 503, ulilinganisha sindano hiyo ikiambatana na mazoezi ya tiba na taratibu mbili zinazohitaji nusukaputi, ukiwamo upasuaji, na baada ya mwaka mmoja haukuona njia iliyozishinda nyingine waziwazi. Kukimbilia kisu, basi, hakuna msingi wa kutosha.