Mtoto mwenye tiki asipigwe wala asiitwe mchawi

Huenda katika kanisa lenu yuko mtoto anayepepesa macho mfululizo, anayetikisa shingo, au anayeguna katikati ya mahubiri. Mzazi anaona haya, mwalimu anamchapa, jirani ananong'ona juu ya pepo. Tuseme wazi: huu ni ugonjwa unaojulikana. Waganga wa hospitali huuita tiki, na daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alieleza aina yake kali tangu 1885.

Mara nyingi tiki huanza kati ya miaka 5 na 7, huzidi kati ya 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua ujanani. Si kifafa: mtoto hapotezi fahamu, tena aweza kuizuia kidogo, kama mtu anavyozuia chafya. Kumkaripia humtia wasiwasi, na wasiwasi huzidisha tiki.

Basi, atibiwe namna gani? Wengi hawahitaji dawa. Yatosha nyumbani na shuleni waelewe. Tiki ikimsumbua, kuna mazoezi: mtoto hujifunza kutambua hamu inayotangulia tiki, kisha hufanya mwendo wa kuipinga. Ikibaki kali, daktari aweza kutoa klonidini au risperidoni, akiangalia usingizi mwingi na kunenepa.

Wengine hutuuliza juu ya dawa za Kichina. Nchini China waganga wa jadi husema tiki hutokana na "upepo" wa ini, nao hutumia mimea kama tianma na gouteng, pamoja na sindano. Utafiti mmoja uliochapishwa 2016 ulihusu watoto na vijana 603: dawa ya mimea iitwayo 5-Ling ilisaidia kuliko dawa bandia. Lakini ulidumu majuma 8 tu, tena ulipima dawa hiyo moja. Hauthibitishi kila pakiti ya sokoni; dawa nyingine za Kichina za kutuliza zina zebaki, ambayo ni sumu kwa ubongo. Usimpe mtoto kabla ya kumwonyesha daktari.

Tuwaombee watoto hawa, lakini pasipo kuwafunga, kuwapiga wala kuwanyima chakula. Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 inaadhibu anayemshitaki mtoto uchawi. Kesho Jumapili mtoto huyo akiguna, tusigeuke kumtazama. Tumpe nafasi kwenye benchi.