Urefu Peke Yake Hauchezi Kikapu

Kijana wa Tumbe, kisiwani Pemba, akianza kuinama mlangoni kwao, watu wa dikoni hawakawii kumwambia akacheze kikapu. Wanasema kwa mapenzi, na ukweli kidogo umo: ringi iko mita 3.05 kutoka chini, na mwenye mikono mirefu ana safari fupi ya kuifikia. Ushauri wenyewe lakini huishia hapo. Hakuna anayemwambia aanze na nini, afundishwe na nani, wala mzazi wake amlee vipi hata urefu ule uje kuwa kazi ya kumlisha. Nataka kuyaeleza hayo, kwa sababu Watanzania tunao mfano wetu wenyewe, na tumeusoma nusu.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alifiwa na baba yake akiwa bado mwanafunzi, na kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi. Akatoka Sekondari ya Makongo akaenda Marekani, akamalizia masomo ya sekondari Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho pale, 2008/09, kila mchezo alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya nchi nzima. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hajawahi Mtanzania kufika huko kabla yake. Nyuma yake siku ile walibaki James Harden, aliyeitwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyeitwa wa saba.

Nusu ya pili huwa tunaipitia kwa haraka. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Alidumu NBA misimu 5, michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Wapo wanaosema alishindwa, na mimi sikubaliani nao kabisa. Kijana aliyeshika mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 akaingia NBA akiwa na 22 amekwenda kwa kasi ambayo watu wachache sana duniani wameiweza. Shida ni kwamba aliokutana nao huko walikuwa wamemtangulia miaka mingi. Curry ni mtoto wa Dell Curry, aliyecheza NBA misimu 16. Nyumbani kwao mpira ulikuwa mazungumzo ya mezani. Mtoto kama huyo huona uwanjani mambo ambayo mwenzake inambidi ayafikirie, na kwenye kikapu anayefikiri amekwisha kuchelewa.

Hapo msomaji atauliza: basi aliyechelewa kuanza ndiyo hana lake? Hakeem Olajuwon wa Lagos anajibu swali hilo. Yeye pia alianza kikapu akiwa na miaka 15 au zaidi kidogo. Lakini kabla ya hapo alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono, kwa hiyo miguu na macho yake yalikuwa yamekwisha kusomeshwa. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, msimu mzima wa kwanza hakuchezeshwa, aliachwa ajifunze. Na kila kiangazi alikuwa akishuka uwanja mmoja wa mazoezi mjini humo kupambana na Moses Malone, senta aliyekuwa bora kuliko wote wakati ule. Malone alikuwa akimsukuma, akimbana, akimzidi ujanja, na kesho yake Olajuwon anarudi. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza, na miaka 10 baadaye akaipa Houston Rockets ubingwa.

Tofauti kati ya watu hawa wawili haina sababu moja, na ningekuwa mjinga kudai ninayo. Ninaloweza kulisema kwa uhakika ni kwamba wote wawili walikuwa na urefu, na urefu uliwafungulia mlango. Anayebaki ndani ni yule aliyepata mtu wa kumsahihisha kwa muda mrefu, naye akakubali kusahihishwa.

Tuutazame mtupo huru, maana ndio sehemu ya mchezo huu inayoonekana rahisi kuliko zote. Mchezaji anasimama mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hakuna anayemzuia, ana sekunde 5. Kijana anayejifundisha mwenyewe atatupa mitupo 100 jioni moja, 40 iingie, arudi nyumbani akiamini amefanya mazoezi. Ukimtazama kwa karibu utaona kiwiko kinamkimbilia nje, mpira umelala kwenye kiganja badala ya vidole, na mkono wa pembeni unausukuma mpira dakika ya mwisho. Makosa yale yale ameyarudia mara 100 na kuyakaza. Kocha anayeijua kazi yake humsimamisha baada ya mtupo wa tatu, akamwambia kitu kimoja tu: kiwiko chini ya mpira. Hagusi mengine mpaka hilo likae.

Watu wa Tumbe hawahitaji kitabu cha saikolojia ili waufahamu ufundishaji huu, maana watoto wao wanaupata kwenye chuo cha Kurani kila siku. Mtoto amekaa mbele ya maalim, msahafu uko juu ya marufaa, anafika kwenye herufi dhadi na inamtoka kama dali. Maalim hamwambii "soma vizuri". Anamwambia ulimi uende wapi, ubavu wake uguse magego ya juu, na anamtolea sauti aisikie. Mtoto anarudia, anakosa, anarudia. Aya ya mbele haifunguliwi mpaka herufi imekaa, na kesho yake kabla ya somo jipya atadurusu la jana. (Namzungumzia maalim wa namna hiyo, anayetegemea bakora simo naye.) Mtoto aliyepita mikononi mwa mwalimu kama huyo miaka minne au mitano anajua jambo ambalo makocha wa Ulaya na Marekani huwahangaikia vijana wao walijue: kwamba kukatizwa na kurudishwa nyuma ni sehemu ya kufundishwa, na hakuna aibu ndani yake.

Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Walionyesha kwamba waliobobea walikuwa wamelimbikiza saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, yale ya kulenga udhaifu mmoja na kuurekebisha. Tangu hapo kimeenea kisa cha saa 10,000, kana kwamba saa zikitimia ubingwa unashuka. Sivyo. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba katika michezo mazoezi ya namna hiyo yanaeleza kama asilimia 18 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Katika yaliyobaki huenda yamo maumbile, umri wa kuanza, afya, na nafasi ya kukutana na mwalimu. Mzazi asidanganywe kwamba kila mtoto akikazana atafika NBA. Lakini asilimia hizo 18 ndizo zilizomo mikononi mwetu.

Upo utafiti mwingine unaogusa moja kwa moja lile neno la dikoni. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano huko Marekani mafumbo mepesi, kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Wengi wa waliosifiwa akili wakachagua kazi rahisi zilizofuata, na baada ya kupewa ngumu wakashindwa, hata kwenye mafumbo ya kiwango cha mwanzo wakafanya vibaya zaidi kuliko awali. Aliyeambiwa ana akili anaogopa kuonekana hana. Tafiti kubwa za baadaye zimeonyesha kwamba somo fupi la kubadili mtazamo lina faida ndogo, kwa hiyo maneno matamu ya siku moja hayamjengi mtu. Ni namna mtoto anavyosemeshwa mwaka hadi mwaka. Sasa fikiria kijana anayesifiwa urefu wake tangu ana miaka 12. Anasifiwa kitu ambacho hakukifanyia kazi na hawezi kukiongeza. Siku atakapokutana na mrefu mwenzake, ana nini mkononi?

Mfano wa malezi ninaoupenda kuliko wote ni wa Luol Deng. Alizaliwa Wau, leo Sudan Kusini, mwaka 1985. Vita vikaipeleka familia yake Misri, na huko Manute Bol, Mdinka mwenzao wa mita 2.31 aliyekwisha kucheza NBA, akawafundisha kikapu yeye na kaka zake. Baadaye London, kisha Marekani, na mwaka 2004 akachaguliwa wa saba. Alipostaafu akawa rais wa shirikisho la kikapu la nchi yake, na mwaka 2024 Sudan Kusini ikacheza Olimpiki Paris na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliondoka kwao akiwa na miaka 16 kwenda kucheza Yemen. Kocha mmoja Mreno akamwona kwenye mashindano ya vijana, akampeleka Uhispania, na mwaka 2011 naye akaitwa wa saba. Jonathan Kuminga wa Goma, mwaka 2021, wa saba vilevile. Namba ni sadfa tu. Lisilo sadfa ni kwamba kila mmoja alikuwa na mkubwa aliyemtangulia au aliyemwona, akamshika mkono. Biyombo alipofiwa na baba yake, mshahara wake wa msimu wa 2021/22 akautoa kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu yake.

Wazazi wengi wa Pemba wanaogopa kwamba mpira utamtoa mtoto kwenye dini, na hofu hiyo naiheshimu. Waambiwe basi kwamba Olajuwon alifunga Ramadhani huku akicheza NBA, na Februari 1995, mwezi aliokuwa amefunga karibu wote, alitangazwa mchezaji bora wa mwezi. Na mwenye binti ajue kwamba tangu Oktoba 2017 kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaruhusu kucheza na kichwa kilichofunikwa. Mlango ule uliokuwa umefungwa rasmi sasa uko wazi, na msichana wa Tumbe ana haki ya mpira wake, saizi 6, mwepesi kidogo kuliko wa wavulana.

Kocha wa Tumbe naye ana mambo yake ya kuzingatia. Walio chini ya miaka 12 wasitupie ringi ya watu wazima. Ya mita 2.60 na mpira saizi 5 vinawatosha, la sivyo wataanza kurusha kutoka kiunoni na kosa hilo litawaganda. Na kijana aliyekwenda kuvua dagaa usiku wa giza asikimbizwe alasiri yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaongezea usingizi wachezaji 11 wa chuo kwa wiki kadhaa, na mitupo yao huru ikapanda kwa asilimia 9. Ni watu wachache, lakini dawa yenyewe haina bei. Mazoezi makali na yawekwe siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamelala nyumbani.

Mzazi anayetaka kujua kama kocha anamfaa mwanawe asijishughulishe kuuliza alichezea timu gani. Aende baada ya Alasiri, akae pembeni ya uwanja nusu saa, asikilize. Ahesabu mara ngapi mtoto ameambiwa jambo moja mahsusi la kurekebisha na mkono wake, mguu wake au macho yake, na mara ngapi amepigiwa kelele tu. Halafu arudi wiki ya pili aone kama jambo lile limeulizwa tena.