Uuzaji wa Asali kwa Mwenye Mizinga Michache

Vijana wengi wanaomaliza masomo hapa Uganda, hasa wale watokao sehemu za West Nile, hurudi nyumbani na kukuta mizinga ya baba au ya babu ingali mitini. Kufuga nyuki si kazi ngeni kwao, na wakikosa ujuzi wazee wapo wa kuwafundisha. Lakini wazee wenyewe, walio wengi, hawakufundishwa na mtu namna ya kuuza. Asali hurinwa usiku kwa taabu, kwa moshi na kwa miiba ya nyuki, kisha huuzwa kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Makala haya yaeleza jinsi mwenye mizinga michache awezavyo kuijua bei yake mwenyewe, na jinsi ya kuandika lebo itakayomrudishia wanunuzi.

ASALI NI NZITO KULIKO MAJI

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Basi jerikani ya lita 20 ikijazwa asali huwa na kilo 28, wala si 20. Mfugaji asiyejua jambo hili humpa mchuuzi jerikani kwa bei ya kilo 20, na zile kilo 8 nyingine huwa zawadi. Mchuuzi naye akifika mjini huuza kwa kilo. Vivyo hivyo chupa ya nusu lita huchukua gramu 700 za asali, si 500.

Dawa yake ni mizani. Hapa Uganda mizani ya biashara hukaguliwa na kutiwa muhuri na Shirika la Viwango, UNBS, na muhuri huo humlinda muuzaji na mnunuzi pia. Ikiwa mtu mmoja hawezi kununua mizani, wafugaji watano au sita waweza kuchanga na kununua moja.

KUTAFUTA BEI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tuchukue mfano wa kijana mwenye mizinga 10. Hesabu hizi ni za kufundishia tu. Kila mtu na aweke za kwake.

Kila mzinga ulimgharimu shilingi 80,000, nao utadumu miaka 10. Basi mizinga yote hula shilingi 80,000 kwa mwaka. Mavazi ya kujikinga, bomba la moshi, kisu na ndoo vilimgharimu 400,000, navyo vitadumu miaka 5. Hiyo ni 80,000 nyingine kwa mwaka. Alifanya kazi siku 30, na kama angalifanya kibarua kwa jirani angalilipwa 10,000 kwa siku. Basi kazi yake ni 300,000. Usafiri ni 60,000. Jumla ni 520,000. Akipata kilo 80 za asali iliyochujwa, kila kilo imemgharimu 6,500, kabla ya kununua hata chupa moja.

Sasa aja mchuuzi, naye atoa 140,000 kwa jerikani. Kijana agawanya kwa 20, apata 7,000 kwa kilo, afurahi kwamba ana faida ya 500. Lakini jerikani ina kilo 28. Kwa kweli amelipwa 5,000 kwa kilo, na hasara yake ni 42,000 kwa kila jerikani. Asipoandika siku zake za kazi hataiona hasara hiyo. Ataona fedha mkononi tu, na baada ya miaka kadhaa mizinga itaoza naye hana fedha za kununua mingine.

Akitaka kuuza katika chupa za gramu 500, na chupa, kifuniko na lebo ni 1,000 kila moja, kilo itamgharimu 8,500. Juu ya hiyo aongeze faida, na akiba ya mwaka mbaya pia, maana nyuki huhama, nyegere huvunja mizinga, na ukame hukausha maua.

Tena asisahau jambo hili. Akimwuzia mwenye duka kwa 11,000 kwa kilo, na duka likauza kwa 14,000, yeye nyumbani asiuze kwa 11,000. Wateja wa duka watamkimbilia yeye, na mwenye duka hatanunua tena. Bei ya rejareja ya nyumbani ikaribiane na ile ya dukani.

ASALI ISTAHILI BEI YAKE

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Rina masega yaliyokwisha kufunikwa na nyuki kwa nta. Yale yaliyo wazi yana maji mengi bado. Kanuni ya kimataifa ya Codex, iliyotolewa mwaka 1981, yasema kwamba maji yasizidi gramu 20 katika kila gramu 100 za asali. Yakizidi, asali huelekea kuchacha. Usirine wakati wa mvua, na vyombo viwe vikavu na vyenye vifuniko, kwani asali hunywa unyevu wa hewa. Usiichemshe, maana moto huondoa harufu yake nzuri na kuiharibu. Usiitie katika jerikani iliyokuwa na mafuta ya taa, wala katika bati lililopakwa zinki, kwa kuwa asali ina asidi ilayo madini.

LEBO NI USHAHIDI

Wanunuzi wengi huogopa asali iliyochanganywa na maji ya sukari. Wengine huijaribu kwa kiberiti, wengine kwa kuidondosha katika maji. Majaribio hayo hayaaminiki. Uhakika hupatikana maabara. Mnunuzi wa kawaida hana maabara, basi huangalia jina la mtu aliyeifunga. Kwa hiyo lebo yako iwe na mambo haya:

1. Neno ASALI, kwa herufi kubwa.
2. Uzito wa asali peke yake bila chupa, kwa mfano gramu 500.
3. Jina lako au la kikundi chako, mahali mlipo, na namba ya simu.
4. Tarehe ya kufungwa, mwisho wa kutumika, na namba ya fungu. Namba hiyo iandike katika daftari pamoja na mizinga iliyotoa asali hiyo. Mtu akilalamika utajua ilitoka wapi, wala hutalazimika kutupa asali yote.
5. Maneno haya: "Asali ikiganda haijaharibika. Weka chupa katika maji ya uvuguvugu." Kuganda ni tabia ya asali, lakini wasiojua hudhani ni sukari.
6. Onyo: "Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja." Asali hata iliyo safi yaweza kuwa na mbegu za vijidudu viitwavyo botulinamu, ambavyo hukua tumboni mwa mtoto mchanga na kumletea ugonjwa wa hatari.

Usiandike kwamba asali yako huponya magonjwa. Wala usiandike kwamba imetoka katika maua ya aina moja, kama huna hakika. Nyuki huruka kilometa 3 na zaidi, naye hajui mpaka wa shamba lako. Ukitaka kuuza katika maduka makubwa, uliza UNBS mapema kuhusu alama yao ya ubora na kiwango cha asali cha Afrika Mashariki, EAS 36.

Basi, ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo, na ninyi mtakaomaliza mwaka huu, hesabu ya kugawanya na kuzidisha mliyojifunza darasani yatosha kwa kazi hii. Msimu ujao, kabla mchuuzi hajafika, pimeni jerikani moja ya asali, toeni uzito wa jerikani tupu, mwandike jibu katika daftari. Kisha mtajeni bei ninyi.