Istilahi za Mimea ya Tangi la Samaki

Mtu afugaye samaki wa mapambo katika tangi la kioo hana budi kuchagua mimea hai iwafaayo. Miongozo ya kazi hiyo aghalabu huandikwa kwa lugha za kigeni, na mfasiri aipokeapo huiona nyepesi. Hata hivyo, neno moja likikosewa, mmea hufa.

Tuchukue mmea uitwao Anubias barteri, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kandokando ya mito na vijito. Shina lake ni nene, nalo hulala juu ya jiwe au gogo. Mizizi huchipuka kutoka kwenye shina hilo. Mfasiri akiliita "mzizi", msomaji atalifukia mchangani, kwa kuwa mahali pa mzizi ni ardhini, nalo litaoza. Kwa hiyo tunapendekeza "shina tambaazi". Tangawizi nayo ni shina la jinsi hiyo, ingawa hukaa udongoni na wengi huidhani mzizi.

Katika kuiainisha mimea hii, yafaa istilahi ziashirie kazi impasayo mfugaji. Anubias, ambayo hushikizwa kwenye gogo kwa uzi na huvumilia mwanga hafifu, tuiite "mmea wa kufungwa". Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo huota pia katika Ziwa Tanganyika, tuiite "mmea wa kupandwa", maana mizizi yake hutaka mchanga. Ceratophyllum demersum, usio na mizizi kabisa, tuuite "mmea wa kuelea".

Tahadhari moja yahusu gugumaji. Mmea huu wa Amerika ya Kusini ulisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 umewasumbua wavuvi na vyombo vya usafiri katika Ziwa Viktoria. Jina lenyewe lina neno "gugu", nalo ni onyo. Mfasiri atakayeandika "ua la majini" kwa kutafuta utamu wa lugha atakuwa amelifuta onyo hilo, na msomaji asiyejua huenda akautupa mmea huo mtoni.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya kwa kipimo kimoja: je, asomaye istilahi atajua la kufanya?