Njia ya bondia wa Temeke kwenda Olimpiki (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona riadha ilivyoibeba Tanzania, hasa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ambao fedha zao za Moscow 1980 ndizo medali pekee tulizowahi kupata Olimpiki. Leo nageukia ngumi, mchezo uliozama Manzese, Keko na Temeke, kwa sababu naamini hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba. Paris 2024 tulipeleka watu 7, wakimbiaji, waogeleaji na mcheza judo, bondia hata mmoja hakuwemo. Vipaji havikauki kwa miaka miwili; tunachokosa ni mapambano ya ridhaa ya kutosha. Tiketi ya Paris iligombewa Dakar mwaka 2023, kisha Busto Arsizio na Bangkok mwaka uliofuata. Katika mashindano ya aina hiyo bondia hupima uzito asubuhi ya kila siku anayopigana, na huenda akapanda ulingoni mara kadhaa ndani ya siku chache, kila pambano raundi 3 tu. Bondia wa kulipwa, aliyezoea kupima jana yake, akala, akalala, kisha akapigana raundi 10, hutumia raundi ya kwanza kumsoma mpinzani. Kwenye ridhaa hiyo ni theluthi ya pambano, na majaji wameshaandika pointi zao.

Wapo wanaosema kijana wa Mbagala hawezi kupigania bendera wakati nyumbani hakuna unga. Hoja hiyo ni nzito, na wanaoitoa wanaijua njaa hiyo. Lakini John Mugabi wa Uganda alitwaa fedha Moscow, na Robert Wangila wa Kenya dhahabu Seoul 1988, ndipo wakaingia ngumi za kulipwa wakiwa na jina tayari. Wengine wanataka fedha zote ziende marathoni, hasa baada ya Alphonce Simbu kutwaa dhahabu ya dunia Tokyo 2025. Simbu anastahili kila senti. Ila marathoni ya Olimpiki hupokea wanaume 3 na wanawake 3 tu kwa kila nchi, wakati ngumi ina madaraja mengi ya uzito, na Michael Yombayomba alishatuletea dhahabu ya Madola kutoka Kuala Lumpur 1998. Ngumi imethibitishwa kwa Los Angeles 2028. Nauli za mabondia kwenda kupigana nje, pamoja na posho ya kuwatunza kambini, zitengwe kwenye bajeti kabla mashindano ya kufuzu hayajatangazwa.